Mjomba Akikagua Michoro ya Somoe

Somoe, karatasi zako nimezipata,
saba, nyuma ya stakabadhi za ghala za msimu wa juzi.
Nimezilaza juu ya meza ya karakana
nikazikandamiza kwa pampu ya salfa isiyowaka,
upepo wa Newala usije ukazivusha Msumbiji kabla sijasema.

Umeomba maoni ya fundi. Haya, nasema kama fundi,
ujomba tuuweke kando hadi chai.

Hili pembea la korosho linalozunguka
ni zuri, na wewe unajua kuwa ni zuri,
ndiyo maana umelipaka njano mara mbili.
Ila korosho ina kiuno kilichopinda, mwanangu;
atakayeketi kiunoni atamlalia mwenzake
kila mzunguko, mpaka wagombane au waoane.
Inyooshe kidogo. Au tia mkanda.

Nyumba ya vitisho: hapana.
Chora fisi, chora mzimu, chora mwalimu wa hesabu,
lakini lipiko usimtundike mlangoni kwa tiketi ya mia tano.
Lipiko ana wenyewe, ana siku yake, ana njia yake ya kujia.
Babu yako angefufuka kutudai.

Na maporomoko haya, ghorofa nne, buluu tupu...
hapa niliweka kalamu chini.
Maji, Somoe? Newala?
Mji ambao bibi yako aliamka jogoo akiwa bado anajikuna,
akashuka genge la Shimo la Mungu na mtungi mtupu
akapanda na nusu mtungi,
nusu nyingine imebaki kwenye makoo ya njiani?
Nawe unamwaga mto mzima ili watu wapige kelele!
Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: CHANZO?

Mkahawa nao. Meza zenye umbo la bibo, sawa.
Ming'oko ya kuchemsha, pweza wa Mikindani,
maji ya mabibo kabla hayajachacha,
sawa, sawa, na hilo la tatu lisimamiwe na mtu mzima.
Lakini kwa nini umeuweka bondeni kabisa,
mwisho wa kila kitu? Nani atashuka genge lote lile
kufuata kiazi? Upandishe juu. Biashara hukaa njiani.

Nilitaka kuishia hapo. Usingizi ukanikataa.
Lile swali jekundu lilikuwa limenigeukia mimi.
Nikatafuta stakabadhi yangu, nikachora kamba,
roda moja ukingoni, kiti huku, madumu kule:
watoto wanane wakishuka, kilo thelathini thelathini,
mia mbili na arobaini; dumu lililojaa, ishirini na moja;
kumi na moja yanapanda. Tuseme kumi,
kamba nayo ina ulafi wake.
Kelele zinashuka, maji yanapanda!
Bila dizeli. Bila mfadhili.
Bila kibao chenye jina la mheshimiwa.
Saa tisa usiku nilikuwa nacheka peke yangu
kama mtu aliyekula bibo la wiki jana.

Asubuhi nikakupa mchoro wangu uukague.
Uliusoma mguu ukining'inia, peremende shavuni,
huna haraka, kama bwana shamba
mbele ya mkorosho wenye ubwiriunga.
Ukaazima kalamu yangu nyekundu.

"Mjomba, rangi hamna."
Kweli.
"Na hawa watoto wanane, wakishafika chini,
wanarudije juu?"

Pampu ya salfa ilinitazama.
Nikasema, polepole: kwa miguu. Kama bibi yako.

Hukucheka. Ulivuta ile karatasi ya mkahawa,
ukanionyesha kwa kidole chenye njano
meza zako za bibo, bondeni, mwisho wa kila kitu,
pale pale nilipokuambia uzitoe.

"Ndiyo maana," ukasema, "wanakula kwanza."