Marahaba

Siku ya kwanza Eskişehir kila mtu aliniitikia
kabla sijamwamkia.
Dereva wa teksi: merhaba.
Kijana wa dukani, ndevu hazijakomaa: merhaba.
Mtoto wa miaka sita ndani ya lifti,
kamasi zimemkaukia juu ya mdomo,
akanipandisha macho toka viatu hadi mtandio:
merhaba.
Nami niliyefunzwa kwamba neno hilo
hushuka, kama maji ya mfereji,
toka kwa aliyekula chumvi kwenda kwa asiyekula,
na kwamba haliji bure, lina shikamoo yake,
nikalala nadaiwa na mji mzima.

Jina lake hapa, nimeambiwa, maana yake ni Mji Mkongwe.
Nikautafuta ukongwe huo dirishani mwa tramu:
ghorofa mpya, ghorofa mpya, duka la simu,
mto mwembamba uliobanwa kingo za saruji.
Baridi iliniingia kwa njia ya meno.

Jumatatu, Bi Sevgül wa ofisi ya usajili
alininyooshea vidole vitatu: kesho, saat üç.
Saat! Nikalidaka kama mtu aliyemwona binamu sokoni.
Saa tatu.
Kesho yake, saa tatu kamili asubuhi,
nilikuwa mlangoni, vyeti kifuani
na mihuri yake ya ofisi nne.
Mlango umefungwa.
Nikakaa kwenye benchi la chuma. Saa nne. Saa tano.
Mfagiaji alinizunguka kwa ufagio mara mbili,
mara ya tatu akaniletea chai
katika kigilasi chenye kiuno.
Saa tisa alasiri akaja Bi Sevgül, mkoba begani,
hajachelewa hata dakika moja.
Dakika ni dakika, kwake na kwangu.
Tunatofautiana pa kuanzia tu:
wao wanahesabu toka kiza cha usiku wa manane,
sisi toka jua.

Kwenye fomu akaandika Zühre.
Nikamwambia, Zuhura.
Akasema ndiyo, Zühre,
akaelekeza kalamu dirishani, juu,
kulikokuwa na mawingu tu.

Usiku nilimwandikia mama:
nimefika salama, watu wakarimu, chakula kizuri.
Nikafuta chakula kizuri. Nikakirudisha.
Sikumwandikia kwamba bafuni
niliisoma karatasi ya sabuni toka juu hadi chini
kwa kuwa juu yake imeandikwa sabun
na sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Mwenye nyumba wangu ni Bi Müzeyyen.
Siku niliyofika alinipa sapatu za marehemu mumewe,
ngozi imebonyea pale kidole gumba kilipokaa miaka.
Kwa majirani hunitaja misafir.
Nilisikia msafiri, nikaona ni haki yake:
mtu wa kupita, begi lake limesimama ukutani
na zipu imefungwa.
Siku ya nne kamusi ikanisuta.
Misafir, kwao, ni mgeni.
Mtu aliyewekewa sahani.
Nililifungua begi usiku ule,
nikatundika hata koti nisilolipenda.

Ijumaa alikuja mjukuu wake, Tuğberk,
mrefu, masikio mekundu kwa baridi.
Hakuvua hata kofia. Aliinama,
akaubusu mkono wa bibi yake,
akaugusisha kwenye paji la uso.
Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la supu ya dengu.
Sijui niliweka wapi lile bakuli.
Niliinama, sapatu moja ikabaki nyuma,
na neno likatoka lenyewe, siku sita limelala mdomoni:

shikamoo.

Hakulijua. Alinitazama
kama anayesikia mlango ukigongwa nyumba ya pili.
Kisha, kwa adabu tu, kwa kukosa la kusema,
merhaba, akasema, merhaba, mwanangu,
na akaninyooshea kidole miguuni, nivae,
sakafu ina baridi.