Maziwa ya Gia Boksi

Spana ya kumi na saba, nusu mzunguko,
nati ya chini ikalegea, nikaimalizia kwa vidole.
Nilitarajia weusi, au ule udhurungi wa asali
wa oili iliyofanya kazi ikachoka kiungwana.
Ikatoka chai ya maziwa,
nzito, yenye povu, isiyo na haraka,
ikajaza nusu ya beseni
ambalo mke wangu analidai tangu Pasaka.

Daktari Mkunde alikalia betri bovu la lori,
begi la chanjo mapajani,
tope la Mpiji Magohe limempanda hadi kwenye kamba za buti.
Pikipiki yake ni ya porini, matairi ya meno,
huku Kigogo watoto huizunguka kama mnyama wa maonyesho.
"Umevuka wapi?"
"Pale pale. Mwaka wa tatu navuka pale pale."
"Maji yalikufika wapi?"
Akashika goti. Akafikiri. Akashusha mkono kidogo.
Wote huushusha mkono.
Katika kibanda hiki hakuna aliyewahi kuvuka maji marefu.

Nikachovya vidole viwili, nikasugua, nikanusa.
Ingekuwa nyeusi na inanuka kuungua
ningemuuliza ni mlima gani kaupanda ameikalia klachi.
Ingenuka petroli ningeilaumu sili ya kranki.
Nikapitisha sumaku: ikarudi na unyoya tu,
vumbi la chuma kinachozeeka, kama mvi kwenye kitana.
Hakuna kipande, hakuna jino. Alhamdulillahi, gia ni nzima.
Basi ni maji.
Lakini maji hayabishi hodi. Yaliingilia wapi?
Injini hii hupozwa na upepo,
haina hata pampu ya maji ya kusingizia.
Nikapapasa sili ya sproketi: kavu.
Shafti ya kiki: kavu.
Kifuniko cha klachi kimetulia, pakingi haijatoa ulimi.

Yeye alikuwa anaongea, nadhani kupoteza muda.
"Mimi mtu akiniletea maziwa yenye mabonge,
ng'ombe simwangalii kwanza.
Namwambia mkamuaji anionyeshe mikono."
Nikacheka. Kicheko kikaniishia nusu
maana tochi ilikuwa imefika kwenye mpira wa kupumulia,
ule mwembamba, wa kupanda juu hadi chini ya siti.
Huu haukupanda.
Ulikatwa mshazari, ukaning'inia usawa wa stendi,
ukafungwa kwa waya mwekundu.

Rola ya waya huo iko msumarini, nyuma ya kichwa changu.

Desemba. Mpira ulikuwa umepasuka, mpya sikuwa nao,
nikakata palipooza, nikafunga kilichobaki,
nikasema akirudi nitamwekea.
Injini iliyochemka ikizama kwenye mto
hewa ya ndani hujikunja, hutafuta pumzi.
Nayo ikavuta pale nilipoielekeza.

Ningeweza kusema sili.
Sili ni neno zuri, halionekani, lina bei,
na mteja hawezi kulifungua akachungulia.
Nikaangalia mikono yangu, ile chai inakauka kwenye makucha.
"Daktari," nikasema, "mkamuaji ni mimi."
Hakunijibu. Alifungua begi, akatoa mpira wa dripu, akanipa.
"Huo utayeyuka," nikamwambia.
"Basi tuma mtu."

Nikamtuma Shomvi Gerezani, kwa hela yangu.
Tukamwaga, tukajaza ya bei rahisi, nikawasha,
ikazunguka dakika tano, tukamwaga tena: chai, ila ya maji mengi.
Mara ya pili, mawingu.
Mara ya tatu nikaegemea beseni
nikaliona ua jekundu lililochorwa chini yake,
na majani yake mawili.