Singa Iliyokatika

Kibano kimemshika paja la nyuma.
Vaike anabana pumzi, lenzi isipate ukungu.
Nzi wa Julai, matete ya Soomaa;
sasa ni Februari, dirisha limeganda,
na Hillar anauliza kutoka jikoni: "Si nzi tu?"

Nzi tu. Ila papasi zimechongoka mbele
kama mtu anayenusa barua kabla ya kuifungua,
mbawa rangi ya chai iliyolala,
doa pale mishipa inapokutana.
Singa mbili? Hesabu tena. Moja.
Nyingine imekatika, kishimo chake kipo.

Ufunguo unamrudisha ukurasa wa kumi na tisa, mara ya tatu.

Utotoni, akiwa funza, alimla konokono
akalala ndani ya gamba lake, mrithi asiye na haya.
Wamejaa toka Ailandi hadi Siberia,
hata kwenye mtaro wa shule,
na hakuna anayewaita kwa jina.

Saa sita usiku anaandika lebo
kwa herufi ndogo kuliko ukucha wa nzi:
mahali, tarehe, jenasi,
kisha, penye spishi, alama ya kuuliza.

"Ni nani basi?" Hillar, nusu usingizini.
"Jike," anasema. "Madume ndio hutaja ukoo."