Mshahara wa Kuketi

Marehemu baba ndiye aliyempa jina: Mtanikoma.
Ujumbe ulikuwa wa jirani,
mbwa aliubeba tu, kama bahasha.
Baba alipotutoka tulirithi nyumba ya Kinyerezi,
deni la maji, kibao cha MBWA MKALI getini,
na mnyama wa rangi ya andazi lililoungua
aliyejua neno moja tu la Kiswahili:
fimbo.

Kwa kufupisha tukamwita Koma.
Ukiita "Koma!", anakoma.
Anaganda kulekule nyuma ya tangi,
mkia kati ya miguu,
akisubiri kipigo cha kosa
ambalo hata mimi sijalijua.

Nikanunua firigisi za elfu moja pale Segerea,
nikazichemsha bila chumvi,
nikazikata ndogo kuliko punje ya hindi.
Nikatafuta kizibo cha chupa ya jemu,
kile cha bati kinacholia ukikibonyeza.
Tak, kipande. Tak, kipande.
Siku tatu hatukufanya jingine.
Dada yangu Nambua akacheka dirishani:
"Yaani unamlipa mbwa kwa kuketi?
Mimi nimeketi ofisini miaka tisa,
nyongeza sijaiona!"

Siku ya nne nikapandisha mkono juu ya pua yake.
Pua ikaufuata, makalio yakashuka yenyewe
bila kusukumwa na mtu.
Tak.
Akanitazama
kama mtu aliyesikia jina lake benki
baada ya kuikatia foleni tamaa.

Nisidanganye. Wiki ya pili alimkimbiza muuza mihogo
na kutafuna ndala mpya za Nambua, zote mbili.
Mkono wangu ukaenda wenyewe ukutani,
kwenye msumari wa fimbo ya baba.
Msumari ulikuwa mtupu.
Fimbo nilishaichomeka bustanini, inashikilia nyanya.
Nikasimama pale, kiganja wazi.
Kumbe mkono nao ulifundishwa.

Sasa nikiita "Koma!" anakuja mbio, masikio yanapepea.
Kiswahili kimeharibika nyumbani kwetu.

Ustadhi Mwinshehe ndiye aliyeandikiwa bahasha ile.
Ugomvi ulikuwa wa mpaka, mita moja na nusu.
Miaka sita aliizunguka njia ya nyuma, yenye matope,
akilinda kanzu na udhu wake.
Ijumaa moja, kabla ya magharibi, alitokea mbele,
sijui kwa kupotewa au kwa kutujaribu.
Geti lilikuwa wazi.
"Keti," nikasema, polepole, koo limekauka.
Koma akaketi.
Mkia ulifagia vumbi, lakini akaketi,
macho yake kwangu, si kwenye kanzu.
Mzee akapita, hatua tano pembeni.
"Ahsante, mwanangu," akasema bila kugeuka.
Sikujua kamshukuru nani.
Tak. Vipande vinne kwa mpigo.

Jana firigisi ziliisha, na mshahara wangu bado.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Nilikaa kizingitini umeme umekatika,
mkono umening'inia, sina hili wala lile.
Sikumwita.
Ulimi wa moto ukapita kiganjani,
ukarudi, ukapita katikati ya vidole.
Huenda ni harufu tu iliyobaki.
Sikuuondoa.