Uvumi wa Waya Mmoja

Kinanda nilikinunua kwa Drateru,
kimekwanguka ubavuni, kitufe cha la kimelegea kama jino.
Kabla sijakifikisha nyumbani, Oli nzima ilishajua:
kile ni cha kanisa, kimeibwa.
Aliyesema hakuonekana. Uvumi hauna mdomo, una miguu.

Chumba changu kiko nyuma ya cherehani za Hajati Zamzamu.
Magodoro mawili nimeyasimamisha ukutani yameze mwangwi,
kompyuta juu ya kreti za soda,
na waya, mita saba, mwembamba, wa bei ya chee,
unapita nyuma ya friji ya mama.
Nikawasha. Sijagusa kitu,
kitu kikaanza kuvuma.

Si upepo. Mitetemo hamsini kwa sekunde,
juu kidogo ya sol,
kama mtu anayetaka kuimba na hajaambiwa wimbo.

Nikazima taa. Kikavuma.
Nikazima feni. Kikavuma.
Friji sikuthubutu: mna chupa arobaini za karkade,
na karkade ndiyo karo ya Fadimula.
Saa mbili usiku umeme wa Arua ukakatika.
Kimya kikaja, kitamu, kile nilichokitafuta wiki nzima,
na kinanda kimekufa mapajani.

Fundi Acidri alikuja na bisibisi nyuma ya sikio.
Akauinua waya wangu kama nyoka aliyekwisha kuuawa.
"Huyu ni shahidi mmoja," akasema.
"Njiani kila friji inamnong'oneza,
akifika anatoa yote, lake na la njiani."
Akaweka mezani kisanduku cha bati, kizito kuliko umbo lake.
"Humu wanatoka wawili. Mmoja anasema ilivyo,
mwenzake anaipindua, juu chini.
Kelele ikiwapaka, inawapaka sawa.
Mwisho wa safari wa pili anapinduliwa tena:
sauti inakuta ndugu yake,
kelele inakuta adui yake, zinamalizana.
Waya mfupi uishie hapa. Mrefu uanzie hapa."

Tukaunganisha. Nikasubiri.
Nikasikia cherehani ng'ambo ya ukuta,
nikasikia pumzi yangu,
nikasikia kitufe cha la kikirudi mahali pake.

Jioni Drateru akaja na risiti
iliyokunjwa mara nane, muhuri wa kanisa umefifia.
Nikaisoma. Acidri naye akaisoma.
Mashahidi wawili, basi.
Lakini mtaani hakuna pa kuchomeka kisanduku;
hadi leo akipita, wanavuma.

Nyimbo sita nimezirekodi safi, nyeupe kama mchele uliopepetwa.
Wa saba niliurudisha kwenye waya wa zamani,
nikakipandisha kinanda upana wa unywele
kikae sawa na friji.
Mama akiusikiliza hunyamaza kidogo,
kisha huuliza besi ile anaimba nani.