Waya Dirishani

Usiku wa kwanza niliupitisha waya dirishani,
nikaulaza juu ya nondo kama mtu anayelaza nyoka,
nikaukinga kwa tambara pale ulipogusa bati.
Bajaji ilikaa uani, Pasua,
kati ya kamba ya nguo na pipa la maji,
kijitaa cha kijani kikipepesa,
ikinyonya kimya kimya.

Asubuhi Ndeanansia wa chumba cha pili, fundi cherehani,
alisimama mbele ya LUKU, mikono kiunoni:
"Jana niliacha kumi na moja. Leo tano.
Nani kazinywa?"

Nilikionyesha chombo changu kwa kidevu,
kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Tukanunua daftari, kurasa arobaini,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mimi: Jumatatu, sita.
Jumanne, sita na nusu, abiria wa mlimani.
Yeye: pasi, sare za kwaya, mbili.
Mwenye nyumba, Mama Eliakunda, hakuandika hesabu.
Alisoma tu, miwani puani,
na ukurasa wa tatu akapiga mstari mwekundu:
*Chombo kinywe baada ya saa nne, watu wakishazima pasi.
Na huo si waya, ni uzi. Aitwe fundi.*

Fundi akaja na soketi nene,
akapigilia fimbo ya shaba karibu na mgomba,
akamwaga ndoo ya maji pale chini.
"Ardhi kavu haipokei," akasema.
Sikujua kwamba umeme nao
hutafuta pa kukimbilia.

Kuna jambo nalifikiria nikipanda Kibosho.
Mto Weruweru unashuka huko huko,
unaungana na Kikuletwa, unaingia Nyumba ya Mungu,
unazungusha kile unachozungusha,
unarudi ukiwa ndani ya nyaya.
Basi labda ni maji yale yale
yanayonisukuma kupanda kwao,
na mama wawili nyuma, na mkungu wa ndizi miguuni.
Nikishuka, nikiachia, namba inaongezeka:
thelathini na moja, thelathini na mbili.
Mteremko unanirudishia chenji.

Lakini juzi LUKU ilikataa.
Tarakimu ishirini, nikazibonyeza mara tatu,
mara tatu ikaandika *kosa*.
Tukalala gizani, mimi na chombo,
tukaamka na asilimia tisa.

Nikaenda polepole, redio nimezima, taa nimezima,
hadi kituo cha kuchajia, barabara ya Arusha,
nyuma ya wauza matairi.
Nguzo mbili. Moja imefungwa mfuko wa plastiki.
Bei mara mbili ya nyumbani.
Vijana wa pikipiki wana raha yao:
anachomoa betri, anachomeka nyingine,
kabla hujamaliza kumsalimu kaondoka.
Sisi wengine tunasubiri, na pale hakuna anayeuliza habari za asubuhi.
Wanauliza, "Una ngapi?"

"Tisa," nikasema.
Mwalimu mmoja, Nkunde jina lake, mwenye kigari cheupe,
alikuwa ameshashika kichwa cha waya.
Akatazama dirishani kwake. "Mimi arobaini. Kwangu ni hapa Shanty Town."
Akanikabidhi ule mkono mweusi, bado una joto la kiganja chake,
akafungua begi, akaanza kusahihisha insha
juu ya boneti.

Nilifika uani jioni.
Kwenye LUKU palisomeka ishirini na mbili.
Kwenye daftari, mwandiko wa Ndeanansia, umelala kama mshono:
*Tokeni imekubali saa saba. Zako ni kumi.
Usinilipe. Jumamosi unipeleke Kiboriloni,
nina marobota mawili ya mitumba,
na sitaki kusikia habari za asilimia.*

Nikaangalia saa. Saa mbili na robo.
Kwake pasi ilikuwa bado inapumua mvuke.
Nikakaa kwenye kiti cha dereva, waya mapajani,
nikisubiri zamu yangu.