Daftari la Ijumaa

Ukurasa wa kwanza una majina manne na doa la chai.
Hiribae wa Ngao, mlinzi wa bohari la matairi.
Kathure na Nkirote, Wameru, wa kazi za ndani.
Mbodze wa Ribe, muuguzi, mwenye chumba pale Ruwi,
na kwa hiyo mwenye kanisa:
kitanda kimesukumwa ukutani, kiyoyozi kinakohoa,
tenzi tunaziimba midomo ikikaribia kufumba
maana jirani wa juu analala mchana.
Sadaka: baisa mia saba.
Niliandika kwa wino mwekundu, sikuwa na mwingine.

Aliyetutoa chumbani ni Bi Thuwaiba, bosi wake Kathure,
aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, na Kiswahili chake hakijachuja.
"Wenzenu wana uwanja wao kule Ghala," alisema akiendesha.
"Nendeni mkaombe saa. Kusali si wizi."

Tukapewa tisa alasiri hadi kumi na nusu.
Tunawapokea Wafilipino viti vingali na joto;
tunawaachia Wahabeshi, na ubani wao
unatusukuma mlangoni kabla ya baraka,
ubani ule ule wa Dhofari
ambao Bi Thuwaiba hufukizia nguo zake.

Barua ikaja kutoka nyumbani, yenye muhuri:
hamna kasisi, hamna sakiti, ninyi ni nini hasa?
Hiribae alifikiri wiki nzima, akajibu mstari mmoja:
Tu watu kumi na tisa, na madarasa mawili.
La pili lilikuwa Sohar, Komora peke yake na simu.

Mwaka wa tatu, thelathini na wanane.
Wa nne, sabini na mmoja, watoto wakikaa sakafuni.
Wa tano, ishirini na sita.
Hawakuasi. Ni viza.
Nilichora safu mpya, nikaiita Sababu:
mkataba umeisha. Kahamishiwa Salala.
Mama anaumwa. Kaolewa, Mungu ambariki.
Kwa Nkirote sikuandika kitu.
Simu yake imezimwa tangu Mfunguo Mosi.
Kila Ijumaa nalisoma jina lake, nangoja kidogo,
naendelea.

Januari tunafanya Agano.
Ninyi mliokulia kanisani mnayajua maneno yale ya kujitoa,
yanavyoteleza ulimini kama uji.
Mimi niliyasikia yakisemwa na wanawake kumi na mmoja
ambao pasipoti zao zimo kwenye kabati la mtu mwingine,
nikaona aibu kuyasema kwa haraka.

Sasa tuko mia na nne, tuna kinanda cha kukopa
na mgogoro kuhusu nani anayekaa na ufunguo.
Juzi kijana mmoja, hajamaliza mwezi, mdadisi,
aliniuliza waanzilishi walikuwa wangapi.
Nikafungua daftari. Wanne, nikasema.
Mbodze alikuwa akipanga vikombe, hakugeuka.
"Watano. Na huyo wa tano ndiye aliyemwaga chai."

Nimetafuta kalamu nyekundu maduka matatu.
Zipo za buluu tu.